Hivi Caesar angeweza kutouvuka ule mto? Leibniz, Arnauld na kesi ya mambo ya lazima (uzi mrefu)

Kibatali

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi baadae.

Kuna swali liliwatesa watu wenye akili nyingi sana kule Ulaya karne ya 17. Kuna mambo ni kweli na hayawezi kabisa kuwa vinginevyo, mbili na mbili ni nne, pembetatu ina pembe tatu, hapo huna ubishi. Alafu kuna mambo ni kweli ila unaona kabisa yangeweza yasiwe, mfano kwamba we sa hivi unasoma huu uzi badala ya kulala. Sa swali, hiyo tofauti ipo kwenye mambo yenyewe au ipo vichwani mwetu tu kwa sababu hatujui vya kutosha?

Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi, alishajibu bila kupepesa macho. Kwenye kitabu chake cha Maadili kilichotoka 1677 baada ya yeye kufa, sehemu ya kwanza, hoja ya 29, anasema kwenye maumbile hakuna kitu ambacho kingeweza kuwa vinginevyo, kila kitu kimefungwa na asili ya Mungu kiwe na kitende vile kilivyo. Ukija hoja ya 33 anakumalizia kabisa, vitu visingeweza kutokea kwa namna nyingine wala kwa mpangilio mwingine. Ukiona jambo kama lingeweza kuwa hivi au vile ni ujinga wako tu, hujaona mnyororo wote wa sababu.

Novemba 1676 Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati Mjerumani, akiwa kijana wa miaka 30, anatoka Paris kupitia London anaenda kuanza kazi Hannover, akapita The Hague kumuona Spinoza. Wakaongea sana. Miezi mitatu baadae Spinoza akafariki, Februari 1677. Leibniz maisha yake yote yaliyobaki alikuwa anakwepa kuonekana alikuwa karibu na yule mzee, maana Spinoza alikuwa jina baya, ukihusishwa nae umeitwa mkana Mungu. Ila mwenyewe kwenye andishi lake moja kuhusu uhuru anakiri alikuwa karibu kabisa na wale wanaosema kila kitu ni cha lazima, kilichomvuta toka ukingoni mwa lile genge (korongo la kutumbukia) ni kufikiria vitu vinavyowezekana ambavyo havipo, havikuwepo na havitakuwepo. Kumbuka hiyo sentensi tutairudia.

Sa twende 1686. Leibniz yupo milima ya Harz, mwajiri wake ana migodi ya fedha huko inajaa maji na yeye kwa miaka kadhaa alikuwa anahangaika na mpango wa kuyavuta maji kwa vinu vya upepo (mpango ulikufa btw). Akapata siku chache hana kazi akaandika hotuba fupi ya metafizikia. Hakuituma yote, alimwandikia mtawala mmoja rafiki yake, Ernst wa Hessen-Rheinfels, akamtumia vichwa vya vifungu tu amfikishie Antoine Arnauld, mwanatheolojia Mfaransa aliyekuwa uhamishoni, mzee wa miaka 70 na kitu, mkali balaa.

Kifungu cha 13 ndo kilileta balaa. Leibniz anasema kila mtu ana dhana yake kamili, na ndani ya hiyo dhana yamo yote yatakayompata. Kila sentensi ya kweli, kiarifu kimo ndani ya kiima. "Caesar alivuka Rubicon" (yule jenerali wa Roma aliyevuka mto Rubicon na jeshi lake akaanzisha vita, akawa dikteta, mwisho akauawa kwa visu), huko kuvuka kumo ndani ya Caesar toka mwanzo, Mungu akiitazama dhana ya Caesar anaona mto, anaona udikteta, anaona visu.

Arnauld akajibu mwezi Machi akiwa na mafua makali, anasema afya hairuhusu kuandika marefu, ila ameona humo mambo mengi ya kumtisha na haoni faida ya andishi ambalo dunia nzima italikataa. Hoja yake: kama ni hivyo basi Mungu alikuwa huru kumuumba Adamu au kutomuumba, lakini akishaamua kumuumba tu, kila kilichowapata binadamu toka hapo hadi leo kinakuja kwa ulazima unaozidi hata majaaliwa.

Leibniz akakasirika kidogo (barua zake za pembeni kwa Ernst zinaonesha), ila akajibu, na jibu lake ndo kiini cha huu uzi. Anasema mnachanganya UHAKIKA na ULAZIMA. Kwamba Caesar atavuka ni hakika. Ila sio lazima, maana kinyume chake hakina mgongano ndani yake. Caesar asiyevuka anawezekana kufikirika, ila Mungu hakumchagua huyo.

Msimamo wangu: Arnauld alishika palepale penyewe, na jibu la Leibniz linapendeza sana ila halimtoi ukingoni. Karibuni.

sisimizi_mweusi

Kwahiyo mkuu mkeka wangu wa jumamosi kuchanika ilishaandikwa toka Adamu? Timu 11 zimeingia ya 12 ikatoa sare dakika za majeruhi

Kibatali

😂 Pole mkuu. Ila umeleta mfano mzuri kuliko wa kwenye vitabu. Kwa Leibniz mkeka wako kuchanika ilikuwa HAKIKA toka zamani, anayejua yote alishajua. Ila haikuwa LAZIMA kama mbili na mbili. Mtu akisema mbili na mbili ni tano amejipinga mwenyewe. Akisema ile timu ya 12 ilishinda, amesema uongo, ila hajajipinga. Ushindi wao ulikuwa unawezekana, haukutokea tu. Spinoza yeye angekwambia unaona ulikuwa unawezekana kwa sababu hujui misuli ya yule beki ilivyokuwa na jana yake alikula nini.

sisimizi_mweusi

Hela imeenda pande zote mbili lakini

ChaiMaandazi

Kibatali umemwaga madini ila mi naona umemruka mtu muhimu, Descartes, mwanafalsafa Mfaransa. Huyu mbona alienda mbali kuliko wote? Barua zake kwa rafiki yake Mersenne za 1630 anasema hata hizo kweli za hesabu Mungu ndo aliziweka kama mfalme anavyoweka sheria kwenye ufalme wake. Na ya Mei mwaka huohuo anaongeza kwamba Mungu alikuwa huru kufanya isiwe kweli kwamba mistari yote toka katikati ya duara kwenda ukingoni ni sawa, kama alivyokuwa huru kutoumba ulimwengu. Kwahiyo kwa Descartes hata hisabati ingeweza kuwa vinginevyo. Ukiwaweka pamoja unapata picha safi, Spinoza kila kitu lazima, Descartes kwa Mungu hakuna cha lazima, Leibniz kasimama katikati anawazuia wasipigane.

Kibatali

Upo sahihi, nilimuacha kwa urefu tu. Ila sio kwamba Leibniz anawasuluhisha, anamshambulia vilevile. Kifungu cha pili cha ileile hotuba ya 1686 anasema ukishasema wema na ukweli vimetokana na matakwa ya Mungu tu, umeua sifa ya Mungu, maana utamsifia nini kwa alichofanya kama angefanya kinyume chake ungemsifia vilevile? Hapo namkubali asilimia zote. Kwake kweli za lazima zimo kwenye AKILI ya Mungu, hakuziamua. Matakwa ya Mungu yanahusika kwenye kuchagua ulimwengu upi uwepo. Hapo ndo mgawanyo wake ulipo, hesabu inakaa kwenye akili ya Mungu, Caesar anakaa kwenye uchaguzi wake.

Na Descartes mwenyewe ukimbana anasema kitu kigumu kumeza, kwamba Mungu kutaka kweli fulani ziwe za lazima haina maana amelazimika kuzitaka. Barua ya 1644 kwa Mesland ipo hivyo. Sa hapo kila mtu abaki na yake.

Fundi Hisabati

Nimesoma kimyakimya ila hapa lazima niingie. OP umesema "kinyume chake hakina mgongano". Lakini we mwenyewe umesema kiarifu KIMO ndani ya kiima. Kama kuvuka Rubicon kumo ndani ya dhana ya Caesar, basi Caesar asiyevuka ni sawa na pembetatu yenye pembe nne, umetaja kitu alafu umekikana hapohapo. Mgongano upo! Leibniz anatokaje?

Kibatali

Hapo ndo kwenyewe mkuu na ndo maana nikasema genge. Aliliona hilo mapema, akajibu kwa kutumia hesabu, na wewe fundi utalipenda.

Kumbuka ni mtu huyuhuyu aliyechapisha kalkulasi 1684, miaka miwili kabla. Anasema hivi. Chukua namba mbili, mfano 12 na 18, utatafuta kipimo kinachoingia zote mbili, unagawa, baki unagawia tena, mwisho unafika, 6. Ile KKS ya shule ya msingi. Lakini chukua mraba, ubavu wake na ulalo wake, fanya hivyohivyo, gawa, baki, gawa, baki... haifiki mwisho milele. Uwiano upo, ni wa kweli, ila uchambuzi wake hauishi.

Kweli za lazima ni kama zile za kwanza, ukichambua dhana kwa hatua chache unafika kwenye utambulisho, A ni A, umemaliza. Kweli zisizo za lazima kiarifu kimo kweli ndani ya kiima ila uchambuzi hauna mwisho, maana ili umueleze Caesar inabidi umueleze baba yake, Roma yote, mto umetokana na mvua gani, ulimwengu mzima na bado sababu ya ulimwengu mzima. Hata Mungu haoni mwisho wa uchambuzi, maana mwisho haupo, ila yeye anaona yote kwa mkupuo mmoja kwamba kimo.

Fundi Hisabati

Aisee. Hiyo ni nzuri sana. Ila ina tobo.

Nani kasema nianze kuchambua toka mwanzo wa ulimwengu? Dhana ya Caesar ni kama mfuko, nikianza kutoa vitu, cha kwanza mtoto wa fulani, cha pili jenerali, cha tatu "alivuka Rubicon". Nimemaliza kwa hatua tatu! Kwa kigezo chake mwenyewe imeshakuwa ya lazima. Au ulazima wa jambo unategemea nimeingiza mkono upande gani wa mfuko?

Kibatali

Hilo tobo limewatoa jasho wachambuzi wake wengi karne iliyopita na bado wanabishana. Jibu moja wanalompa (na vipande vyake unaviona kwa Leibniz mwenyewe) ni kwamba hata ukikuta "alivuka" hatua ya tatu hujamaliza, inabidi kwanza uthibitishe kwamba hiyo dhana uliyoishika yenyewe inawezekana, haina mgongano popote ndani. Kujua hilo inabidi upitie yote, na yote hayaishi. Leibniz alikuwa mkali sana kwenye hilo, andishi lake la 1684 kuhusu maarifa na mawazo anawapiga wanaothibitisha Mungu yupo kutokana na dhana tu, anawauliza mmeshathibitisha kwanza hiyo dhana inawezekana?

Ila mi naona hata tobo likizibwa tatizo linabaki palepale. Tuseme sawa, uchambuzi hauishi. Ndo nini? Ulalo wa mraba kuwa kipeuo cha pili cha 2 mara ubavu ni kweli ya LAZIMA wakuu. Haina mwisho ukiiandika kwa tarakimu, ila haiwezi kuwa vinginevyo. Yaani mfano aliouchagua mwenyewe unamgeuka, kutokuisha hakujamfanya mtu awe huru. Arnauld angeambiwa hili angesema asante, umenionesha mnyororo ni mrefu, sijaona ulipokatika.

Bint Kisiwani

Assalam aleikum. Nimependa uzi, ila mnaongea kama haya mambo yalianzia Hannover. Sie huku tumeyasoma chuoni bado watoto. Hukumu za akili ni tatu: wajibu, muhali na jaizi. Wajibu ni lile ambalo akili haikubali lisiwepo, muhali ni lile ambalo akili haikubali liwepo, jaizi linakubali kuwepo na kutokuwepo. Alafu unahifadhishwa, sifa 20 za wajibu kwa Mwenyezi Mungu, 20 za muhali, na moja jaizi, nayo ni kufanya kila linalowezekana au kuliacha. Mpango huo ni wa Imam Sanusi wa Tlemcen, alofariki 1490, karibu miaka 200 kabla ya barua za huyo Leibniz.

Na ile jaizi moja ndo jibu lenyewe. Kwa Maashari (wafuasi wa Imam Ashari) Mungu halazimiki kutenda lililo bora. Mu'tazila, kundi jingine la wanatheolojia wa Kiislamu, ndo waliosema analazimika kuwatendea waja lililo bora kwao, na kisa chake maarufu, Ashari alimuuliza mwalimu wake Jubbai: ndugu watatu, mmoja kafa mzee mwema, mmoja kafa mzee kafiri, mmoja kafa mtoto. Mtoto akiuliza mbona sikupewa umri nikapata daraja ya kaka? Ataambiwa nilijua ungekua ungeasi, kufa mdogo ndo bora kwako. Basi yule kafiri atapiga kelele, Ya Rabbi na mimi ulijua, mbona hukuniua mdogo? Jubbai akanyamaza. Naona Leibniz wenu ni Mu'tazila kavaa wigi.

ChaiMaandazi

Mu'tazila kavaa wigi 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye daladala

Kibatali

Waleikum salaam Bint Kisiwani, huu mchango ni mzito kuliko uzi wenyewe. Naongeza vitu viwili.

Kwanza wigi limekaa vizuri ila haliingii lote. Jubbai alikwama kwa sababu "bora" yake ilikuwa bora kwa kila mja mmoja mmoja. Leibniz kwenye kitabu chake Theodisia cha 1710 anasema bora ni ya ulimwengu MZIMA. Yule ndugu kafiri angejibiwa kwamba ulimwengu wenye wewe ndani yake, ukijumlisha yote, ni bora kuliko usio na wewe. Jibu baridi sana hilo ukiwa ndo kafiri mwenyewe, ila ni jibu.

Pili Leibniz alikuwa na habari za mjadala huo kwa sehemu, maana alimsoma Maimonides, mwanafalsafa Myahudi, kwa Kilatini na mule Maashari na Mu'tazila wameelezwa. Ila dibaji ya Theodisia anawapiga Waislamu pigo la kizembe, anataja majaaliwa ya Kituruki, eti hawakimbii hatari, hawahami hata sehemu zenye tauni kwa sababu limeshaandikwa.

Bint Kisiwani

Hilo la tauni ndo kakosea kabisa. Sayyidna Omar alikuwa njiani kwenda Sham, akapewa habari ya tauni, akageuza msafara. Abu Ubaida akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Akajibu ndio, tunakimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Imo kwenye Bukhari. Na hiyo si ndo hoja ya Leibniz mwenyewe, kwamba jambo kuwa hakika hakukuzuii kutumia akili, kwa kuwa hata kutumia akili kwako kumo humo humo?

Kibatali

Ndo hiyohiyo neno kwa neno. Anaiita hoja ya mvivu, mtu anasema kama limeandikwa litatokea nifanye nisifanye. Anajibu matokeo yameandikwa pamoja na sababu zake. Alikuwa anawafundisha Waturuki kitu Omar alishakimaliza karne ya 7.

mzee_wa_kijiwe

Mnajichosha bure. Hume, mwanafalsafa Mskoti, 1748 alishamaliza, kuna uhusiano wa mawazo na kuna mambo yaliyopo. La kwanza kinyume chake hakifikiriki, la pili kinyume chake kinafikirika bila shida. "Jua halitachomoza kesho" inaeleweka kabisa na haina mgongano. Hakuna haja ya Mungu wala dhana kamili wala KKS. Mods fungeni uzi tukalale

Kibatali

Mzee wa kijiwe unasinzia mapema. Hume amesafisha meza, sikatai, na kamtoa Mungu kwenye kesi yote. Ila amekuachia kigezo cha "kinafikirika". Sa Leibniz kwenye lile andishi la 1684 ana mfano unaokiua kigezo hicho miaka 64 kabla. Fikiria gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa kuliko zote. Umefikiria? Umeelewa vizuri tu, hukuona mgongano. Sa refusha spoku moja ipite nje ya ukingo wa gurudumu, ncha yake inaenda kasi kuliko ukingo, kwahiyo ile kasi kubwa kuliko zote sio kubwa kuliko zote. Ulikuwa umefikiria kitu kisichowezekana na kichwa chako kikakupa tiki. Kwahiyo "naweza kufikiria jua lisichomoze" inathibitisha nini? Spinoza anarudi hapohapo anakwambia hujakagua vya kutosha.

mzee_wa_kijiwe

Hapo kwenye spoku umenikamata kidogo. Ila mgongano wa gurudumu unauonesha kwa kalamu na karatasi dakika mbili. Nioneshe na wa jua. Huna. Mpaka uwe nao mi nabaki na Hume

Fundi Hisabati

Mi narudi kwenye genge. Nipangeni kama nimekosea:

Mungu yupo kwa lazima, Leibniz anakubali. Ni mwema kwa lazima, anakubali. Mwema kamili anachagua kilicho bora. Na ulimwengu upi ni bora ni suala la kulinganisha dhana kwenye akili ya Mungu, na mle OP umesema ni eneo la kweli za lazima. Basi ulimwengu huu ni wa lazima. Caesar anavuka, mkeka unachanika, Spinoza anashinda mechi.

Kibatali

Hujakosea, na Leibniz alilijua hilo mpaka anazeeka, ndo maana ana majibu mengi badala ya moja. Wakati mwingine anasema kulinganisha ulimwengu zote hakuishi kwahiyo haithibitishiki kwamba huu ndo bora, ule ujanja wa ulalo tena. 1710 anaegemea ulazima wa kimaadili, kwamba Mungu anaelekezwa na wema bila kushurutishwa, kama mtu mwenye busara asivyoweza kufanya upuuzi ingawa mikono anayo. Na lingine ndo ile sentensi niliyosema tutairudia: vitu vingine vinawezekana kwa asili yao wenyewe. Ukimtazama Caesar asiyevuka peke yake, bila kumuingiza Mungu kwenye hesabu, hana mgongano. Kwamba Mungu hatamchagua hakumfanyi awe muhali.

Mi hili la mwisho ndo naliona lina nguvu kuliko yote. Ila angalia limegharimu nini. "Caesar" wa hapo sio tena yule wa kifungu cha 13 mwenye kila kitu ndani, maana yule asipovuka mto sio yeye. Ni mtu mwingine anayefanana nae hadi ukingoni mwa maji. Arnauld aliuliza karibu hivyohivyo, hawa Adamu wengi unaowasema wanawezekanaje, wakati mimi siwezi kujifikiria kuwa watu wengi? Leibniz akakubali, hao ni Adamu tofauti.

Bint Kisiwani

Basi kama ni mtu mwingine, huyu wa kwetu alikuwa na njia gani nyengine pale mtoni?

Kibatali

Kwa Leibniz, hakuwa nayo ya kuipita na akabaki kuwa Caesar. Arnauld kwenye barua ya Septemba 1686 alisema ameridhika na maelezo kuhusu kile kilichomshtua mwanzo, akahamia maswali ya mwili na roho. Mi nikizisoma zile barua naona mzee aliridhika mapema mno.